TUNDA USILOLIJUA: LITAMBUE KABLA YA KULIONJA

Somo kwa wakulima wa skimu za makazi



Tuseme leo ni Jumapili alasiri. Umetoka kwenye shamba lako la skimu, umekwenda Nyamache kuwasalimu wazee. Baada ya chai unatembea na watoto kwa njia ya miguu inayoteremka mpaka kijitoni. Mkono wa kulia kuna majani chai, na mkono wa kushoto kuna ua wa zamani ambao haukukatwa kwa miaka mingi. Mara mtoto wako aliyetangulia anarudi mbio, kiganja chake kimejaa matunda madogo meusi. Anauliza, "Baba, haya yanaliwa?"

Utamjibu nini? Wazazi wengine husema, "Tupa!" bila hata kutazama. Mtoto hutupa, lakini hajifunzi neno, na kesho atakula akiwa machungani ambako humwoni. Wengine husema, "Kula tu, hata sisi tulikula hayo tulipokuwa wadogo." Jibu hilo laweza kuwa kweli, na laweza pia kuua. Jibu la tatu ndilo bora: "Sijui hakika. Nionyeshe mti uliouchuma."

Somo la mwezi huu ni juu ya jibu hilo la tatu. Tutaeleza namna ya kulitambua tunda la mwituni hatua kwa hatua, makosa yanayofanywa na watu wengi, namna ya kuwapelekea wataalamu mmea usiojulikana, na la kufanya ikiwa mtoto amekwisha kula.

KWA NINI SOMO HILI NI LA WATU WA SKIMU

Mtu aliyezaliwa na kukulia mahali pamoja anaijua mimea ya mahali pale. Hakuisoma kitabuni. Aliijua kwa kuchunga mbuzi, kwa kuteka maji, na kwa kumfuata bibi yake akichuma mboga. Nchi ya Gusii imeinuka. Sehemu zake nyingi ziko kati ya mita 1,500 na mita 2,100 juu ya bahari, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,500. Mimea iotayo huko ni ile ipendayo baridi kidogo na mvua nyingi.

Tangu mwaka 1962, katika mpango ulioitwa wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba makubwa ya Wazungu, ikayagawa kwa wakulima wadogo. Jamaa nyingi za Gusii zilipata ardhi upande wa Sotik, mahali tunapopaita leo Borabu, kama vile Nyansiongo. Baadaye watoto na wajukuu wao wakanunua mashamba mbali zaidi, wengine katika nchi kavu. Wote walichukua mbegu, majembe na ng'ombe. Walichukua pia yale waliyoyajua juu ya matunda ya mwituni, na hapa ndipo hatari ilipo.

Fikiri hivi. Kama kwenu kichaka chenye matunda meusi matamu ni cha namna moja tu, mtoto hujifunza kwamba "tunda jeusi la kichakani ni zuri." Kwao ni kweli. Lakini akihamia mahali penye vichaka viwili vinavyofanana, kimoja chakula na kimoja sumu, elimu ile ile iliyomlisha yaweza kumdhuru. Basi yafaa tujifunze dalili za mti wenyewe, si rangi ya tunda peke yake.

TUNDA PEKE YAKE HALITOSHI

Mtu akikuletea tunda mkononi akakuuliza jina lake, usikubali kujibu upesi. Tunda lililokwisha kuchumwa limeacha habari zake nyingi mtini. Matunda madogo meusi ni mengi. Ya manjano ni mengi pia. Mwombe akuonyeshe mti ulikosimama, au akuletee tawi zima lenye majani, na maua kama yapo. Kisha jiulize maswali haya sita, na ukiweza, yaandike majibu yake.

1. Ni mmea wa namna gani? Je, ni mti wenye shina moja, au kichaka chenye mashina mengi, au mmea utambaao juu ya mingine, au ni gugu laini la shambani linalokufa baada ya msimu?

2. Majani yamekaaje? Tazama mahali yanapoota kwenye tawi. Mimea mingine huotesha majani mawili mawili yakielekeana, kama mikono ya mtu aliyeinyosha kulia na kushoto. Mingine huotesha jani moja moja kwa kupishana. Tazama pia kama jani lina manyoya au ni laini, na kama ukingo wake una meno.

3. Je, kuna miiba? Kama ipo, imeota wapi: kwenye tawi, au hata juu ya majani? Imenyooka, imepinda, au imegawanyika pacha nchani? Usitazame tawi moja tu. Zunguka kichaka kizima.

4. Je, kuna utomvu? Vunja jani moja uangalie kama yatoka maziwa meupe. Fanya hivi kwa uangalifu, maana utomvu wa mimea mingine huunguza ngozi, na ukiingia machoni waweza kuyaharibu. Usijipanguse uso, na nawa mikono kwa sabuni baadaye.

5. Ua lake ni la rangi gani? Ua ni dalili kubwa sana, kwa kuwa rangi ya tunda hubadilika tunda linapoiva, lakini ua hukaa na umbo lake. Hesabu petali zake. Tazama kama ni ua moja pekee au mengi kwenye kishada.

6. Ndani ya tunda mna nini? Lipasue kwa kisu, si kwa meno. Je, mna kokwa moja kubwa, mbegu mbili tatu, au mbegu nyingi ndogo kama za nyanya? Nyama yake ni ya maji au ni kavu?

Shika sana jambo hili: mti hautambuliwi kwa dalili moja. Dalili moja ni kama shahidi mmoja barazani. Wakipatikana mashahidi wanne au watano na maneno yao yakalingana, ndipo baraza laweza kukata shauri.

MFANO WA KWANZA: MATUNDA MEUSI YA KICHAKANI

Kuna kichaka kijulikanacho sana katika Kenya, ambacho kwa Kiswahili huitwa mtandamboo. Jirani zetu Wakipsigis hukiita legetetwet, Waluo ochuoga, na Wakikuyu mukawa. Jina lake la Ekegusii muulize mama yako, kisha uliandike. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza katika somo hili. Matunda yake huanza yakiwa ya kijani, yakageuka mekundu, kisha yakaiva kuwa meusi yenye urujuani. Ni madogo, yapata sentimita 1, nayo ni matamu. Watoto wengi wamekulia hayo machungani.

Kuna mti mwingine uitwao msunguti. Wamasai huuita olmorijoi. Katika Afrika ya Mashariki watu wa makabila mengi walikuwa wakichemsha magome, mbao na mizizi yake ili kupata sumu ya kupaka mishale, sumu iliyoweza kumwangusha hata mnyama mkubwa. Sumu hiyo huupiga moyo. Ukali wake waujua hata mnyama mmoja wa porini, panya mkubwa mwenye manyoya marefu. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza kwamba panya huyu hutafuna gome la msunguti, kisha hujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Na mbwa anayemng'ata huugua sana, au hufa.

Sasa tuilinganishe miti hii miwili kwa maswali yetu sita, maana ni ya ukoo mmoja.

Mtandamboo ni kichaka. Msunguti waweza kuwa kichaka au mti mdogo. Swali hili halikutenga kitu. Majani ya mtandamboo hukaa mawili mawili yakielekeana, na ya msunguti vivyo hivyo. Mtandamboo una utomvu mweupe, na msunguti unao pia. Maua ya mtandamboo ni meupe yenye wekundu kwa nje, tena yananukia vizuri. Ya msunguti nayo ni meupe yenye wekundu, tena yananukia. Matunda ya mtandamboo hugeuka kutoka kijani mpaka mekundu, kisha meusi. Ya msunguti hali kadhalika, ingawa mara nyingi ni makubwa zaidi, na huweza kufika sentimita 2.

Umeona hatari yake? Mtu akitazama mambo manne au matano bila kutazama la sita, ataapa kwamba ni kitu kimoja. Tofauti kubwa ni miiba. Mtandamboo una miiba mikali, iliyonyooka au yenye pacha nchani. Msunguti hauna mwiba hata mmoja, na majani yake ni magumu kama ngozi, yenye kung'aa upande wa juu.

Basi sheria ya kumfundisha mtoto ni hii: kichaka chenye utomvu mweupe na matunda meusi, kisicho na miiba, usikiguse. Wako watu husema kwamba tunda la msunguti lililoiva kabisa limepata kuliwa wakati wa njaa. Usiifuate habari hiyo. Lile ambalo halijaiva ni sumu, majani na magome ni sumu, na mtoto hawezi kupima kuiva kwa tunda kwa jicho lake.

Msunguti hupenda mahali pakavu, penye mawe na kandokando ya misitu mikavu, kuliko vilima vya mvua kama vya Nyamache. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Nyamache huenda hakuuona kamwe. Akihamia nchi kavu, aweza kukutana nao siku ya kwanza anapochunga ng'ombe, na akaufikiri kuwa ni ule wa nyumbani.

Usigeuze sheria hiyo kinyume ukasema kwamba kila chenye miiba kinaliwa. Mwiba hututengea mtandamboo na msunguti tu. Katika mfano wa tatu utaona mimea yenye miiba na matunda yake ni mabaya.

MFANO WA PILI: TUNDA LILILOVAA KOTI

Ninyi nyote mwajua lile tunda dogo la rangi ya machungwa lililofunikwa na koti kavu kama karatasi. Wengi huliita chinsobosobo. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini siku hizi huota lenyewe katika mashamba na kando ya njia, na wengine hulipanda ili kuliuza mjini.

Katika mashamba ya mahindi huota gugu jingine ambalo tunda lake nalo limevaa koti. Watoto huweza kuyachanganya haya mawili. Dalili zake ni hizi:

Ua la chinsobosobo ni la manjano, lenye madoa meusi ya urujuani katikati. Ua la gugu lile ni la samawati hafifu, na katikati ni jeupe.

Koti la chinsobosobo likikauka huwa na rangi ya majani makavu, nalo ni kama taa ndogo ya karatasi. Koti la gugu lile lina pembe tano kali, kama mabawa yaliyoshikana.

Tunda la chinsobosobo lililoiva limejaa maji, ni la rangi ya machungwa, na lina ladha tamu yenye ukali kidogo. Tunda la gugu ni la kahawia, kavu, limejaa mbegu wala halina nyama ya maana. Gugu hilo lina sumu. Ling'olewe kabla halijamwaga mbegu.

Hata chinsobosobo lenyewe lisiliwe likiwa la kijani. Mfundishe mtoto aokote yale yaliyoanguka yenyewe na ambayo koti lake limekauka. Na majani ya mmea huo usiwape ng'ombe.

MFANO WA TATU: UKOO WA NYANYA

Kiazi cha mviringo, nyanya, biringanya, pilipili na tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja. Mnavu, yaani ile mboga mnayoiita rinagu, ni wa ukoo huo huo. Ukoo huu una watoto wema na watoto wabaya, tena mara nyingine wema na ubaya umo katika mmea mmoja.

Tazama kiazi. Viazi vyake vya chini ya udongo twala kila siku. Lakini baada ya maua, kiazi huweza kuzaa tunda dogo la kijani mfano wa nyanya mbichi. Tunda hilo ni sumu. Watoto hucheza karibu na shamba la viazi, na tunda hilo huwavuta. Hata kiazi chenyewe kikikaa juani kikageuka kijani, sehemu ile ya kijani ikatwe na kutupwa, na kikiwa kimegeuka sana, kitupwe chote.

Tazama mnavu. Majani yake hupikwa yakawa mboga nzuri. Matunda yake yakiwa ya kijani yana sumu. Yakiiva, watu hula matunda ya mnavu wao wanaoujua. Lakini kwa kuwa mnavu una namna nyingi, usile matunda ya mnavu wa mahali pageni mpaka wenyeji wa pale wakuhakikishie.

Tazama mtunguja, uitwao na wengine ndulele. Ni kichaka kifupi chenye manyoya ya kijivu na miiba, maua ya urujuani, na matunda ya manjano ya mviringo. Huota kando ya njia na kwenye malisho yaliyochoka. Yuko na ndugu yake mkubwa, mwenye miiba iliyopinda na matunda ya manjano yaliyo kama limau dogo. Watu humpanda awe ua wa boma. Matunda ya wote wawili ni machungu, nayo ni sumu. Mtoto akiona kitu cha manjano mfano wa limau huweza kukidhania kuwa chakula. Hapa mwiba upo, lakini haukutulinda.

Kwa upande mwingine, liko tunda la manjano la uani lililo jema: kaiyaba. Mti wake una miiba mirefu mno, na asili yake ni Afrika ya Kusini. Tunda lake ni kali kwa uchachu, lakini linaliwa na linafaa kwa jemu. Basi una matunda mawili ya manjano, yote ya uani, yote yenye miiba. Yapasue. Kaiyaba lina maji mengi na mbegu chache. Tunda la mtunguja limejaa mbegu ndogo bapa, kama za biringanya. Tena majani ya kaiyaba ni madogo na laini, hayana miiba juu yake.

MFANO WA NNE: TUNDA LA SABUNI

Katika nyanda za juu kuna mmea utambaao juu ya ua na juu ya miti, wenye vishada virefu vya matunda madogo yanayoiva kuwa mekundu. Kule Ethiopia huitwa endod, na wanawake wameyatumia matunda yake kwa kufulia nguo tangu zamani, maana hutoa povu. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa kwenye kijito karibu na mji wa Adwa. Aliona kwamba chini ya mahali wanawake walipokuwa wakifua, konokono wa majini walikuwa wamekufa wengi. Konokono hao ndio wanaochukua ugonjwa wa kichocho. Kwa kuangalia vema jambo ambalo wengine walilipita, alifungua njia mpya ya kupigana na ugonjwa huo.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza, tunda linaloua konokono si tunda la mtoto kula; mmea huo ni sumu kwa watu na kwa mifugo. La pili, tunda lisiloliwa si lazima liwe halina faida. Kulitambua ni kujua pia kazi yake.

DALILI ZA UONGO

Watu wengi hutegemea dalili ambazo si za kweli. Hizi ndizo zinazodhuru zaidi:

"Ndege wanakula, basi nasi twaweza." La. Tumbo la ndege si tumbo la mtu. Ndege wengi humeza matunda mazima, na mbegu zikapita bila kuvunjwa.

"Mbuzi anakula." Mbuzi hula mengi ambayo mtu hawezi. Tena wanyama nao hukosea. Ng'ombe wageni shambani, wakiwa na njaa, hula lantana, kile kichaka cha ua chenye maua ya rangi mbili tatu katika kishada kimoja. Kisha macho yao hugeuka manjano, na ngozi yao huungua kwa jua. Matunda mabichi ya lantana ni hatari kwa watoto pia.

"Ni tamu, basi si sumu." Sumu nyingine haina uchungu hata kidogo.

"Tukilipika sumu itatoka." Sumu ya msunguti ilitengenezwa kwa kuchemshwa. Moto haukuiondoa.

"Nitaonja kidogo tu nione." Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Ulimi si chombo cha kupimia sumu.

KUWAPELEKEA WATAALAMU

Ukikosa jina la mmea, na wazee wa jirani nao hawaujui, usikate tamaa. Muulize kwanza afisa wa kilimo au wa misitu wa mahali penu. Waulize pia wenyeji waliokaa pale kabla ya skimu. Mkulima mgeni asione aibu kujifunza kwa jirani wa kabila jingine. Wote wakishindwa, Nairobi kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa. Hazina hiyo ilianzishwa Amani, huko Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ina mamia ya maelfu ya matawi yaliyobandikwa kwenye karatasi, kila moja na jina lake na mahali lilipochumwa. Kutokana na hazina kama hizo, wataalamu walianza mwaka 1952 kuchapisha maelezo ya mimea yote ya Afrika ya Mashariki, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2012. Mimea iliyoelezwa ilizidi 12,000.

Tawi la kupeleka huandaliwa hivi:

Kata tawi la urefu wa sentimita 30 hivi, lenye majani, na maua na matunda kama yapo. Litandaze ndani ya gazeti kuukuu, jani moja ukiligeuza ili upande wa chini uonekane. Weka juu yake magazeti mengine, kisha ubao na mawe mazito. Badili magazeti kila siku mpaka tawi likauke, lisije likaota ukungu. Matunda makubwa yatie mbalimbali katika mfuko wa karatasi.

Pamoja na tawi andika: tarehe, mahali, kwa mfano "Nyamache, kando ya kijito, chini ya shamba la majani chai", urefu wa mmea, rangi ya ua na ya tunda kabla halijakauka, maana rangi hupotea, kama una utomvu, jina la kienyeji na la kabila gani, na kazi yake kama watu wanaitumia.

Siku hizi waweza pia kupiga picha kwa simu. Usipige picha ya tunda tu. Piga nne: mmea mzima, majani yalivyokaa kwenye tawi, ua, na tunda lililopasuliwa. Programu za simu zinazotaja majina ya mimea zaweza kukusaidia kuanza kutafuta, lakini hukosea. Usile kitu kwa sababu simu imesema kinaliwa.

MTOTO AKISHAKULA

Usingoje dalili. Mtoe mtoto yaliyobaki kinywani, asukutue kwa maji. Usimlazimishe kutapika, usimpe maji ya chumvi, mafuta wala dawa ya miti. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Chukua tawi la mmea wenyewe lenye tunda na majani, ulifunge kwenye mfuko. Kama ametapika mwenyewe, mweleze mganga alichotapika. Sema saa aliyokula na idadi unayoikisia. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, si chali. Waangalie pia wenzake aliokuwa nao, maana watoto hawali peke yao. Usiwapige wala kuwakemea wakati huo. Mtoto mwenye hofu huficha ukweli.

TURUDI NJIANI

Mtoto wako bado amesimama na matunda kiganjani. Amekupeleka kwenye kichaka. Umeona majani yakielekeana, umevunja moja ukaona maziwa, umeona maua meupe yenye wekundu. Ukazunguka kichaka, na mwiba wenye pacha ukakuchoma mkono. Wazee nao wamelitaja jina lake. Ni mtandamboo. Sasa mwambie ale, lakini kwanza mtie mkono wake kwenye tawi auguse ule mwiba, umwambie sababu. Tunda atalisahau kesho. Mwiba hatausahau hata akihamia mbali.

KAZI YA NYUMBANI

1. Tembea kando ya shamba lako pamoja na watoto. Hesabu mimea yote yenye matunda ambayo hamkuipanda. Iandike katika daftari katika safu tatu: tuijuayo inaliwa, tuijuayo ni sumu, tusiyoijua.

2. Kwa kila mmea wa safu ya tatu jibu yale maswali sita.

3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu na jirani mmoja wa kabila jingine. Je, wanakubaliana? Kama hawakubaliani, mmea ubaki katika safu ya tatu.

4. Eleza kwa maneno yako: kwa nini mwiba hututosha kutenga mtandamboo na msunguti, lakini hautoshi kutuambia kama mtunguja unaliwa?

5. Mti mzuri wa matunda ya mwituni ukiuona uani, usiukate wote unaposafisha shamba. Acha mmoja au miwili, uwafundishe watoto kwa huo.